Visiki vya parseli yetu vising'olewe

Mwaka jana baba alinunua parseli katika komini Annexe, upande ule ambako mji wa Lubumbashi unaendelea kula pori. Ni parseli ya mita 20 kwa 30. Siku ya kwanza tulipokwenda kuiona tulihesabu visiki 17 na kichuguu kimoja kilichozidi kimo cha mtu. Wachoma makala walikuwa wamepita pale zamani kabla yetu. Baba alizunguka mara moja, mikono nyuma, kisha akatoa amri tatu: visiki ving'olewe, kichuguu kisawazishwe, na mbele ya nyumba ipandwe gazoni. Mimi nilisema hapana. Tangu siku ile ubishi haujaisha kwetu, na kwa kuwa mezani siruhusiwi tena kuugusa, nauleta hapa.

Jibu la baba lilikuwa fupi, na kila msomaji wa Lubumbashi atalielewa bila tafsiri: "Sikuuzaka parseli juu ya kuikala mu pori." Nyuma ya maneno hayo kuna maisha mazima. Baba alizaliwa kijijini, akaja mjini kijana, akapanga vyumba vya watu kwa miaka 26. Kwake yeye nyasi fupi za kijani mbele ya baraza ni hati ya pili ya nyumba. Zinawaambia wapita njia kwamba hapa anakaa mtu aliyefika. Sitaki kumcheka. Lakini nimekaa na gazoni kwa karibu zaidi kuliko yeye, na ninajua inakula nini.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo nilikaa kwa baba mdogo, mtaa wa Golf. Mbele ya nyumba yake kuna paspalum safi, imekatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi. Kazi yangu, badala ya kulipa chakula, ilikuwa kuinywesha maji jioni. Wenye kuishi Lubumbashi wanajua kalenda yetu: mvua zinashika Novemba hadi Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba mbingu inafungwa kabisa. Gazoni haijui kusubiri. Ukiiacha wiki mbili za mwezi wa Julai inageuka rangi ya mkeka. Basi kila jioni mpira wa maji ulikuwa mkononi mwangu kwa saa nzima. Siku moja, kwa udadisi tu, nilijaza bidoni ya lita 20 kwa mpira ule: ilijaa kwa dakika moja na nusu. Fanya hesabu. Saa moja ni bidoni 40, yaani lita 800, kila siku, kwa miezi mitano, kwa mmea ambao hakuna mtu anayeula, hakuna mbuzi anayeruhusiwa kuugusa, na watoto wa nyumba wenyewe wanakatazwa kuchezea.

Maji yale yalitoka kwenye foraji. Mwezi wa Septemba foraji ilianza kutapika hewa. Wakati huohuo, nje ya lango, walikuwa wanapanga foleni akina mama wa barabara ya nyuma, kila mmoja na bidoni zake za njano, kwa sababu mabomba yao yalikuwa yamekauka tangu Juni. Mama mdogo aliwauzia maji, kwa bei nzuri, sina neno. Lakini jioni moja pampu ilikataa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akarudi na bidoni tupu, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa lango nikiwa na viatu vilivyolowa. Hakusema kitu. Alitazama nyasi, akatazama viatu vyangu, akaenda. Tangu jioni ile siwezi kuiona gazoni kama pambo.

Tumeipata wapi tamaa hii? Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na Wabelgiji waliupanga kwa kamba: upande huu nyumba za wazungu na bustani zao, upande ule cité ya wafanyakazi, na katikati kanda tupu iliyowatenga watu kwa sababu walizoziita za afya. Bustani zilikuwa upande mmoja tu. Jina lenyewe la mtaa wa Golf linasema wazi nyasi fupi zilikuwa za nani na za mchezo gani. Upande wa pili mama zetu walifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, na huo pia ulikuwa usafi, tena usiohitaji mpira wa maji. Baada ya Uhuru tuliingia katika nyumba zile na tukarithi nyasi pamoja na funguo. Si dhambi. Ila mrithi ana haki ya kuuliza kama mali aliyoachiwa inamfaa.

Sasa nirudi kwenye visiki, kwa sababu hapo ndipo baba anakosea zaidi, na pamoja naye karibu kila mtu anayejenga leo pembezoni mwa mji.

Tunadhani kisiki ni mti uliokufa. Kwa miti ya miombo si kweli. Mti kama mutondo au kaputu, ukianza na mbegu, hauna haraka ya kupanda juu. Miaka ya kwanza unafanya kazi chini, unatuma mzizi wake kwenda kutafuta maji, na sehemu ya juu inaweza kukauka kila kiangazi au kuungua kwa moto wa pori, kisha ikachipua tena mvua zikija. Mtu anayepita anaona kijiti cha urefu wa goti na kukidharau, kumbe chini kuna mzizi wenye umri wa mtoto wa shule. Ukiukata mti mkubwa, mzizi ule wote unabaki. Ndiyo maana kisiki kinatoa machipukizi, na machipukizi hayo hayaanzi sifuri kama mche wa duka: yana tumbo la mizizi lililokwisha kujaa. Ukichagua matatu yenye nguvu, baadaye mawili, baadaye moja, na kukata mengine, unapata mti bila kununua mche, bila kuchimba shimo, bila bidoni hata moja. Ndiyo sababu ya ajabu ile tunayoiona kila mwaka bila kuishangaa: mwishoni mwa kiangazi, kabla tone la kwanza halijaanguka, miombo inatoa majani mapya, mekundu kama shaba, wakati gazoni ya Golf inaomba maji kama mgonjwa.

Na baba anataka kulipa vijana kwa kila kisiki, siku nzima ya jembe na shoka kwa kimoja, ili aondoe mali hiyo na kununua nyasi mahali pake.

Mtu akinijibu kwamba heri kung'oa sasa na kupanda miombo mingine baadaye kwa mpango, namwambia ajaribu. Kaputu, mutondo na musuku wanaishi kwa ushirika na uyoga ulioshika mizizi yao chini ya ardhi. Ndio uleule wa ukoo wa ule tunaoununua kando ya barabara mvua zikishika. Ukipanda mche katika udongo uliogeuzwa na mashine, bila ule uyoga, mara nyingi unadumaa. Wenye ujuzi huchota udongo chini ya mti mkubwa wa jamii hiyo na kuuchanganya kwenye kitalu. Mbegu ya musuku nayo haikai, ukiichelewesha inakufa. Tena musuku una dume na jike, unaweza kumtunza mmoja miaka kumi na usione tunda. Kwa maneno mengine, pori lililong'olewa haliagizwi sokoni wiki ijayo.

Nilimchukua kambo yangu twende naye kwenye parseli. Ana miaka zaidi ya sabini na miguu inamuuma, lakini alitembea kutoka kisiki hadi kisiki akigusa ganda kwa kidole gumba. Mutondo, alisema. Huyu pia mutondo. Huyu kaputu. Huyu mubanga, mbao yake inashinda mchwa. Huyu musuku. Yule wa pembeni, mupundu, ambao hata wakulima wanaouacha katikati ya shamba wanakula matunda yake. Katika 17 alitaja 14 papo hapo, na kwa vitatu akasema tungoje majani. Kwa kila mti alikuwa na neno la kuongeza: huu viwavi wanaupenda, huu nyuki, ganda la huu lilifunga nguzo za nyumba ya babake. Juu ya kisiki kilichoonekana kikavu kabisa akasema, "Hii muti haijakufa, inalala tu."

Nami nikakumbuka aibu moja ya darasani. Katika somo la tafsiri tulikuwa na kipande cha Kifaransa chenye chêne na pelouse. Chêne haikutusumbua, kwa sababu Biblia imetupa mwaloni. Juu ya pelouse tulibishana nusu saa: wengine "uwanja wa nyasi", wengine "bustani ya majani", wengine waliona tuandike "gazoni" na tuendelee na maisha. Kisha mwenzetu mmoja akaonyesha mti uliosimama dirishani akauliza, "Na ule?" Tulikuwa watu 23 tunaosomea lugha. Hakuna aliyekuwa na jina lake, si kwa Kiswahili, si kwa Kibemba, si kwa Kisanga, si kwa Kifaransa. Mwaloni, ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona, tulikuwa nao mfukoni. Mti uliotupa kivuli kwa miaka miwili hatukuwa nao.

Katika kurasa kama hizi tunaandika mara kwa mara juu ya lugha zinazokufa, na lawama tunazipeleka kwa shule, kwa Kifaransa, kwa redio, kwa wazazi wanaoona haya. Ninakubali zote. Lakini jina la mti halifi kwa sababu ya sarufi. Linakufa kwa sababu mtoto hana mti wa kuuonyesha kidole. Kamusi inaweza kuniambia kwamba mulombwa wetu ndio mninga wa Tanzania, nami nitafurahi kama mwanaisimu. Lakini nisipowahi kuona utomvu wake mwekundu ukitoka kama damu, maneno hayo mawili kwangu ni sarafu za nchi ambayo sitaifika. Mukula, nduguye, nililijua jina lake kwa njia mbaya: ni kwa sababu ya magari makubwa yaliyokuwa yakipita na magogo kuelekea Zambia katika miaka ya 2010, mbao zikienda China. Mti ulikuja kuwa neno la kila kinywa wakati ulipokuwa unaondoka.

Hapa lazima nisimame kwenye neno moja. Wanaoandika juu ya jambo hili kwa Kifaransa wanasema miti ya indigène, na mwenzangu mmoja alinishauri niandike "miti wenyeji" dhidi ya "miti ya kuja". Nimekataa. Katika mji huu maneno hayo si maneno ya bustani. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa Katanga kwa maneno kama hayo, wakajazana kwenye stesheni wakingoja treni, na familia zilizozaliwa hapa zikaambiwa si za hapa. Sitaki mtu asome makala yangu juu ya nyasi akasikia wimbo ule. Kwa hiyo nasema wazi: sifukuzi mti. Mwembe ulitoka Asia, mwavokado Amerika, na jakaranda zinazoupaka mji wetu rangi ya zambarau kila Septemba na Oktoba zilitoka Amerika ya Kusini. Ninazipenda zote, na baba akitaka mwembe uwe mahali ambapo hakuna kisiki, mimi ndiye nitakayechimba shimo. Paspalum nayo ilitoka Amerika ya Kusini, lakini neno langu juu yake halihusu ilikotoka. Linahusu maji, na linahusu kile tunachong'oa ili kuipa nafasi.

Sasa malalamiko ya upande wa pili, maana si ya kijinga.

La kwanza ni nyoka. Mama yangu hataki kusikia habari ya majani yaliyoanguka karibu na mlango, na ana haki. Jawabu langu ni la kambo: mita nne au tano kuzunguka nyumba zifagiliwe kila asubuhi, udongo mtupu au kokoto, na matawi yasiguse bati. Ng'ambo ya hapo majani yabaki. Uwanja uliofagiliwa na kivuli cha miti kwa nyuma, huo ndio uwanja wa kijiji chochote cha upande wetu.

La pili ni vumbi, na hili ni zito kuliko watu wa mbali wanavyofikiri. Katika Lubumbashi vumbi si vumbi tu. Tanuri la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na upande ambako upepo ulipeleka moshi wake, kama Penga Penga, udongo umebeba shaba na metali nyingine hata majani yakakataa kuota. Mtoto anayecheza kwenye udongo mtupu anaumeza. Kwa hiyo mtu akisema "gazoni inafunika udongo", anasema kweli. Lakini watafiti wa kilimo wa chuo chetu, walipotafuta namna ya kufunika udongo wa Penga Penga, hawakwenda kununua paspalum. Walikwenda kwenye vilima vya shaba vya Katanga, wakachukua nyasi zinazoota huko zenyewe, kama Microchloa kunthii, kijani kifupi kinachovumilia shaba na ukame. Anayehitaji nyasi chini ya miguu ya watoto aanzie hapo. Na mahali penye miti, majani makavu yanashika vumbi pia, mradi tusiyachome kila Jumamosi, tabia ambayo nasi lazima tuiache.

La tatu: wezi wa kuni. Makala ndiyo moto wa nyumba nyingi za mji huu, na mti mzuri pembezoni mwa ukuta ni kishawishi. Sina jibu la kutosha. Najua tu kwamba katika parseli yenye watu ndani, mti una mlinzi kuliko porini.

Kuna la nne ambalo baba halisemi, ila nalisikia katika ukimya wake: watu watasemaje? Jirani zetu wa pale Annexe wamekwisha kung'oa kila kitu. Wawili wamesawazisha vichuguu vyao, wengine wamevigeuza matofali, na wamemwaga udongo mwekundu mbele ya nyumba wakingoja fedha ya nyasi. Parseli yetu itakuwa ya pekee yenye vichaka. Wageni watadhani fedha ilitukatikia. Nakubali, kwa miaka mitatu hivi watadhani hivyo. Oktoba, mwezi wetu wenye joto kuliko yote, watakuja na viti vyao kuomba kivuli.

Sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kufanya jambo moja ambalo wenzetu wa kilimo hawatalifanya kwa niaba yetu. Kabla familia haijaita vijana wa jembe, aende mzee mmoja anayejua miti na mwanafunzi mmoja mwenye daftari, waandike jina la kila kisiki katika lugha zote mzee alizo nazo. Kazi ya asubuhi moja. Baba wa watu atabaki na uamuzi wake, lakini itakuwa vigumu kidogo kung'oa kitu ambacho kimekwisha kutajwa jina mbele yake. Kwetu ilisaidia. Baada ya ziara ya kambo baba aliacha kusema "visiki" na kuanza kusema "ile mutondo ya mama".

Tumefika wapi? Tisa vya nyuma vimesalimika. Vitano viko juu ya mchoro wa msingi wa nyumba, vitaondoka, na hata mimi sikuvitetea. Kichuguu kinabaki mpaka tofali zitakapohitajika, yaani hakina uhakika. Ugomvi uliobaki ni juu ya vitatu vya mbele, pale baba anapotaka gazoni yake na njia ya gari. Kimoja ni musuku. Kimekwisha kutoa machipukizi sita, nimekata matatu, na hatujui kama ni dume au jike. Vijana wa jembe wanakuja Jumamosi. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye yale matatu yaliyobaki, na kambo amesema atakuja na kiti chake.